Dar mpaka milima ya Burera: wiki nne za fildi ya uuguzi Rwanda, Julai 2025

Nimesharudi, nguo zimefuliwa, ripoti ya chuo nimekabidhi, ndo napata muda wa kukaa na kidaftari changu na picha za kwenye simu niandike kabla sijaanza kuchanganya siku. Mi nasoma shahada ya uuguzi Dar, nimemaliza mwaka wa tatu. Fildi yenyewe niliipata kwa sababu chuo chetu kina makubaliano na chuo kimoja cha Rwanda, makubaliano ambayo yalikuwa yamekaa kwenye faili na hakuna mwanafunzi aliyeyaulizia. Wenzetu wa udaktari wana mtandao wao wa kubadilishana wanafunzi, IFMSA, upo tangu 1951, wao wanajaza fomu wanaondoka. Sisi manesi mpaka uchimbe. Kwa hiyo la kwanza kabisa, nenda ofisi ya chuo chako inayoshughulika na ushirikiano wa nje ukaulize "tuna makubaliano na nani?" Mi nilijibiwa baada ya kurudi pale mara nne, lakini nilijibiwa.

Jumamosi, 5 Julai. Dar – Dodoma

Treni ya SGR, daraja la kawaida, 31,000. Beba kitambulisho maana bila hicho huingii. Nilikuwa na begi moja kubwa, begi la mgongoni lenye yunifomu mbili, na bahasha ya karatasi ambazo nilizishika kama mtoto mchanga: pasipoti (150,000, na mi niliifuatilia miezi mitatu kabla), barua ya chuo, barua ya mwaliko, bima ya safari, na kadi ya chanjo ya homa ya ini B. Hiyo chanjo ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita, kwa hiyo ukisubiri mpaka ukubaliwe ndo uanze umeshachelewa. Mwenzangu mmoja tulikuwa tuende wote akakwama hapohapo, walitaka kadi iliyokamilika na yeye alikuwa na dozi moja.

Nililala kwa mamdogo Dodoma. Akanifungia maandazi ya njiani na swali moja, "Rwanda? Si ungeenda Ulaya basi?" Nitalisikia hilo swali safari nzima.

Jumapili, 6 Julai. Dodoma – Kahama

Basi la saa kumi na mbili asubuhi likaondoka saa moja na nusu. Singida, Nzega, alizeti zinauzwa kwenye ndoo, kuku wanaingizwa dirishani, mengine sina cha kusema nililala.

Ila kwa vile ni kipande cha kuchosha ngoja niseme kuhusu mawakala. Kuna jamaa mmoja alitaka laki nane "anisajilie nafasi" ya fildi nje, akanitumia na picha za wanafunzi wakiwa wamebeba watoto. Nilivyoomba jina la hospitali akanyamaza. Wanatuzunguka sisi kwa sababu soko lipo, ripoti ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya Mei 2025 inasema dunia ina upungufu wa wauguzi milioni 5.8, na nesi mmoja kati ya saba anafanya kazi kwenye nchi ambayo hakuzaliwa. Njia za kweli zipo na nyingi hazikuombi hela ya mlangoni. Internship ya WHO kwa mfano, wanataka uwe na miaka 20 kwenda juu na uwe umemaliza angalau miaka mitatu ya chuo, inakwenda wiki 6 hadi 24, na kuanzia 2020 wanalipa posho. Kabla ya hapo ilikuwa ya wenye wazazi wenye nazo tu. Kuna pia ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, lakini ule wa kubadilishana wanafunzi huombi kama mtu binafsi, ni mpaka chuo chako kiwe na makubaliano na chuo cha Ulaya, ndo tunarudi kwenye lile faili la ofisini.

Kahama tumeingia usiku. Gesti 20,000, maji ya moto kwa ndoo, wali na maharage na mchicha 3,000 na mama muuzaji akaniongezea kipande cha samaki bila kuniambia.

Jumatatu, 7 Julai. Kahama – Rusumo – Kigali

Hii ndo siku ambayo ningependa niirudie.

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia, marahaba, akaniuliza natoka wapi naenda wapi. Kumbe ni nesi, amestaafu juzijuzi tu, anarudi kwao Ngara. Basi hapo safari ikawa darasa. Tulipofika Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, akanionyesha kwa kidole upande wa mabondeni akasema huku ndo Marburg, ile homa kali ya kirusi inayoua, ilitokea Januari. Mimi kichwani Marburg ilikuwa ni slaidi ya darasani. Ilitangazwa tarehe 20 Januari, ikatangazwa imekwisha 13 Machi. Na upande wa pili wa mpaka miezi michache nyuma yake, Septemba 2024, Rwanda walipata wagonjwa 66, wakafariki 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Mama akasema, "Unaona mwanangu, kile kirusi hakikuomba viza."

Tukafika Benaco. Leo ni senta ya kawaida tu, malori yamejipanga, mahindi ya kuchoma, vijana wanauza vocha. Akaniambia mwaka 1994, mwisho wa Aprili, ndani ya kama saa 24 walivuka watu robo milioni pale daraja la Rusumo wakati wa vita na mauaji ya kimbari Rwanda, na kambi ikaota hapa. Yeye alikuwa nesi kijana, akaletwa kusaidia. Ndege zikashusha wageni wa kila nchi. Nikamuuliza wale wageni walikuwaje. Akafikiri. Akasema wengine walikuwa wazuri sana na wengine walikuja na kamera, wiki mbili wakaondoka, na kuna mmoja kijana bado mwanafunzi alitaka kuchoma kila sindano na kufunga kila kidonda, ikabidi atafutwe mtu wa kumchunga yeye badala ya kuchunga wagonjwa. "Aliyetufaa kuliko wote alikuwa binti mmoja hajui Kiswahili hata neno. Alishika rejesta. Asubuhi mpaka usiku anaandika nani kaingia, ana nini, kapewa nini. Sisi tulikuwa hatuna mkono wa kuandika." Kisha akanigeukia, "Na wewe utafanya nini huko?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nitajifunza. Akacheka, akanipa namba yake, akashuka na mabegi yake mawili.

Rusumo: mto Kagera chini, maporomoko yanasikika ukiwa darajani. Kituo ni cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Rwanda kwenye jengo moja upande wa Rwanda, Mtanzania halipi viza. Wakanipima joto, wakapekua begi. Sasa mi yunifomu zangu nilikuwa nimezifunga kwenye nailoni zisichafuke, afisa akazivua moja moja taratibu kabisa kama anamvua mtoto nguo, akazikunja, akanirudishia nguo, nailoni zikabaki kwake. Mifuko ya plastiki Rwanda wameipiga marufuku tangu 2008, hawana utani. Fungeni vitu kwa kanga.

Ukivuka tu, magari yanakwenda kulia. Nimeambiwa, nimesoma, najua, na bado nusura pikipiki inipitie nilivyoangalia upande wa kwetu. Dereva alisimama akaniuliza kwa Kiswahili kama niko salama, hakutukana, nikaona aibu mara mbili.

Coaster mpaka Kigali, usiku. Nimelala hosteli ya kanisa, masista wameniwekea uji.

Jumanne, 8 Julai. Kigali – kaskazini

Nyabugogo ndo stendi. Tiketi ya Musanze faranga elfu tatu na kidogo, na hesabu ya haraka faranga moja ni kama shilingi mbili za kwetu. Abiria wanakaa kila mtu na kiti chake, hakuna wa kusimama, muda wa kuondoka ukifika linaondoka hata kama nusu tupu (nilimtafuta konda anayepiga debe nikamkosa). Barabara inapanda na kukata kona mfululizo, kama unatapika kaa mbele. Musanze baridi. Nilikuwa na sweta moja, nikanunua la pili la mtumba 4,000. Jamani Julai kule juu usiku unavuta blanketi mbili, msidanganywe na neno Afrika Mashariki.

Kutoka Musanze nikachukua gari dogo mpaka hospitali ya wilaya niliyopangiwa. Siitaji jina, wagonjwa wake hawakuomba kuandikwa. Mlima Muhabura unauona ukiwa umekaa kitandani.

Jumatano, 9 Julai. Siku ya kwanza kazini

Nikaambiwa zamu inakabidhiwa saa moja asubuhi. Nikafika saa moja kasoro kumi, nimepiga pasi mpaka yunifomu inasimama yenyewe. Wodi kimya. Nikangoja. Nikangoja tena. Mama wa usafi akanitazama, akaangalia saa ya ukutani, akacheka. Rwanda wako nyuma yetu saa nzima na simu yangu ilikuwa haijabadilika! Yule mama akanipeleka kwenye jiko lao dogo akanimiminia chai ya maziwa, nikakaa naye lisaa lizima, na hapo ndo nikapata somo la kwanza la Kinyarwanda. Saa wanahesabu kama sisi na kwa maneno yetu, saa mbili ni "saa mbiri". Amazi ni maji. Humeka ni pumua, unasikia humo ndani "hema". Muganga ni daktari wa hospitali, sio yule wa kwetu wa tunguri. Nesi ni umuforomo, mkunga umubyaza. Homa wanaita umuriro ambayo pia ni moto, na ukiwa umewahi kumshika mtu mwenye 40 utaona hawajakosea.

Na neno ambalo nimelitumia kuliko yote, "komera". Ni kama pole lakini ndani yake kuna kaza, jikaze, simama. Mgonjwa anaambiwa, aliyejikwaa anaambiwa, mimi niliyekuja saa moja kabla niliambiwa.

Taarifa za zamu zinatolewa Kiingereza, manesi wakubwa wanachomekea Kifaransa, wagonjwa Kinyarwanda tupu, na wachache hasa waliokaa mipakani wanajua Kiswahili. Ukiwa mwanafunzi mgeni huna leseni kule, kila unachogusa ni chini ya macho ya msimamizi. Weka hilo kichwani kabla hujaondoka nyumbani maana linauma kidogo. Mi kwetu nilikuwa nimeshazoea kupewa dripu niweke. Wiki ya kwanza kule nilipima presha, joto, nikatandika, nikaangalia.

10 – 19 Julai

Wodi ya watoto, kisha kliniki. Nitasema mawili tu. La kwanza bima yao ya jamii, mituweli, mwaka 2025 familia nyingi zilikuwa zinalipa faranga 3,000 kwa kichwa kwa mwaka, na mtu akifika dirishani anaulizwa hiyo kabla ya kuulizwa anaumwa nini. La pili wale wahudumu wa afya wa kijijini, wanachaguliwa na majirani zao wenyewe, nilitoka na mmoja siku nzima kwenye vilima, mimi na viatu vya raba nahema, yeye na kandambili anapanda anaongea. Mtoto ana kikohozi, akatoa kipima muda akahesabu pumzi dakika nzima, hajakadiria nusu akazidisha mara mbili kama ninavyofanyaga mimi zamu ikiwa nzito. Dakika nzima.

Msosi: mchana wanaita melanje, sahani moja unajaza mwenyewe mara moja tu, ndizi, viazi, maharage, wali, na isombe ambayo ni kisamvu chetu. 1,500. Nimewaona watu wanajenga ghorofa kwenye sahani, na mimi wiki ya pili nilikuwa fundi.

Jumapili, 20 Julai. Butaro

Siku ya mapumziko, nikaenda na wanafunzi wawili wa Kinyarwanda kuona Butaro, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wilaya ya Burera yenye watu zaidi ya laki tatu ilikuwa haina hospitali, ikafunguliwa hii 2011, mwaka uliofuata wakaanzisha kituo cha saratani. Watu wengi wanakuja kwa sababu ya chuo kilicho karibu, UGHE, chuo kikuu cha afya ya dunia kilichoanzishwa na Partners In Health. Ukimaliza shahada yako ya uuguzi unaweza kuomba pale shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, na hauhitaji kuvuka bahari.

Lakini mi nilichogandia ni vitanda. Wodini vitanda havijaegemezwa ukutani, vimekaa katikati, vichwa vimepeana mgongo kwenye kijiukuta kifupi, kwa hiyo kila mgonjwa anaangalia dirisha, na dirisha linaangalia milima. Korido ziko nje, juu kuna feni kubwa, hewa inapita. Wamefanya hivyo TB isipate pa kukaa. Nilisimama nikifikiria wodi niliyofundishiwa, watu wamejipanga wanatazamana wanakoholeana.

Jumatano, 23 Julai. Leba

Mchana, mama mmoja kajifungua salama, mtoto analia vizuri, sote tumetabasamu, kondo limetoka. Dakika chache mkunga akainua shuka, uso ukabadilika. Damu. Hakupiga kelele, aliita majina mawili kwa sauti ya kawaida kabisa na chumba kikajaa. Mmoja anakanda tumbo, mmoja mshipa wa pili, mmoja dawa, mmoja kwenye simu anaagiza damu. Mimi nimesimama na glovu zangu mikono hewani, najua kila hatua wanayofanya, naijua kwa namba kabisa, na mkono unaniwasha niingie.

Mkunga bila kunigeukia akasema kwa Kiingereza, wewe andika saa.

Nikavua glovu nikachukua kalamu. Kila kitu kikitajwa naandika na dakika yake. Dawa, dakika. Presha, dakika. Pedi imelowa, ya ngapi, dakika. Katikati yule mama akanishika mkono wa kushoto, nikamwambia komera, humeka, ndo maneno niliyokuwa nayo, nikaendelea kuandika na wa kulia.

Halafu nje mlio kama nyuki wengi. Rwanda damu inapelekwa kwa droni tangu 2016, nilikuwa nimeona kwenye video. Kiboksi cha karatasi ngumu kikashuka na mwavuli wake wa karatasi mpaka kwenye nyasi, mtu akatoka mbio, na damu ikaingia ndani. Daktari alipofika alichukua ile karatasi yangu kabla ya kumtazama hata mgonjwa, akaisoma juu mpaka chini, akaanza kutoa maagizo. Hakuuliza mtu swali.

Jioni presha imekaa sawa. Mama ananyonyesha. Mi nikaenda chooni nikalia kidogo, kisha nikala melanje ya mtu wawili.

(Picha sina na hamtaziona. Sahihisheni hilo kwenye vichwa vyenu mapema, wodi sio mbuga, na hospitali nyingi ukikutwa unapiga wagonjwa picha fildi yako inaishia hapo.)

26 Julai – 5 Agosti

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, maduka yamefungwa asubuhi, kila mtu na jembe. Nilichimba mtaro na mfamasia. Siku zilizobaki nilipewa kushika chati za leba kila zamu, na kabla sijaondoka nikaruhusiwa kupokea watoto wawili, mikono ya mkunga juu ya yangu. Msimamizi akasaini logbook. Hakikisha anasaini kabla ya siku ya mwisho, ya mwisho yupo kikaoni.

6 – 8 Agosti. Kurudi

Nilipanda basi la moja kwa moja Kigali–Dar kwa tamaa ya kuwahi. Miguu ilivimba nikajifanyia uchunguzi mwenyewe. Gawanyeni safari. Jumla nilitumia kama 780,000 kwa mwezi mzima ukiacha pasipoti, malazi yalikuwa bure kwenye hosteli ya hospitali, chuo kiliahidi kurudisha nauli tu na hiyo yenyewe bado naifuatilia.

Baada ya Rusumo simu ikaruka saa moja mbele. Tulipopita Benaco nikampigia yule mama. Alikuwa shambani, upepo unavuma kwenye simu.

"Shikamoo mama, ni yule binti wa kwenye basi."

"Marahaba mwanangu. Haya, ulifanya nini huko?"

"Nilishika rejesta."

Alicheka mpaka mtandao ukakata.